Suala la Elimu Liende Ofisi Gani: Mwongozo kwa Mzazi na Mwanafunzi wa Dar es Salaam

Mzazi wa Mbagala, Tegeta au Gongo la Mboto akipatwa na jambo zito shuleni kwa mwanawe, neno la kwanza kumtoka kinywani ni "nitakwenda Wizarani". Nia ni njema, lakini mara nyingi safari hiyo hupotea bure. Jirani yangu alipanda treni alfajiri kwenda Dodoma, akafika Mji wa Serikali Mtumba na barua ya kuomba uhamisho wa mtoto wa darasa la tano kutoka shule moja ya serikali kwenda nyingine, zote mbili zikiwa Temeke. Alipokelewa kwa heshima, barua yake ikasomwa, kisha akaelezwa kwamba kibali anachokitafuta kinatolewa na halmashauri ileile ambayo ofisi zake anazipita kila siku akienda kazini. Alipoteza nauli na siku mbili za kazi kwa jambo ambalo lilipaswa kuanzia kwa mwalimu mkuu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu kama yeye, ambao wana haki ya kusikilizwa lakini hawajaelekezwa mahali pa kusikilizwa.

Wizara na TAMISEMI

Jambo la kwanza kulishika ni kwamba shule ya serikali ina wasimamizi wawili, na kila mmoja ana kazi yake. Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia hutunga sera, huidhinisha mitaala, husajili shule, huweka viwango vya majengo, walimu na ufundishaji, na hufuatilia kama viwango hivyo vinazingatiwa. Haiajiri mwalimu wa shule ya msingi ya Buguruni wala haipangi ratiba yake. Uendeshaji wa shule za msingi na sekondari za serikali uko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya ofisi ya serikali kuu inayosimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Kwa hiyo upungufu wa madawati, mwalimu asiyeingia darasani, uhamisho wa mwanafunzi, vyoo vilivyojaa, na hata upangaji wa wanafunzi wanaoingia kidato cha kwanza na cha tano katika shule za serikali, yote hayo ni ya TAMISEMI na halmashauri zake. Kwa ufupi, Wizara husema shule iweje, na TAMISEMI huiendesha.

Msingi wa mamlaka ya Wizara juu ya shule ni Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, Sura ya 353, ambayo ndiyo inayomtambua Kamishna wa Elimu. Kamishna huyo ndiye anayetoa nyaraka za elimu, na mzazi anayefuatilia haki ya mwanawe anapaswa kuzifahamu nyaraka hizo, kwa sababu ofisa wa chini hawezi kubishana na waraka. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ndio ulioondoa ada na michango ya lazima katika elimu ya msingi hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na ada ya kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2022/2023. Waraka Namba 2 wa mwaka 2021 ndio unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwamo wasichana waliojifungua, kurudi shuleni. Huu wa mwisho nawasihi sana wazazi na walezi wausome, kwa maana bado wapo mabinti wanaokaa nyumbani wakiuza maandazi kwa kuamini kwamba mlango ulikwisha kufungwa. Binti akikataliwa, andika barua ukiutaja waraka huo kwa namba na mwaka wake, kisha uombe jibu kwa maandishi.

Ngazi za kupanda

Kwa shule ya serikali, ngazi huanzia kwa mwalimu mkuu ikiwa ni shule ya msingi, au mkuu wa shule ikiwa ni sekondari. Majina haya mawili hayabadilishani, na barua iliyokosea cheo huonyesha kwamba mwandishi hajui anayemwandikia. Baada yake kuna kamati ya shule kwa msingi na bodi ya shule kwa sekondari, ambamo wazazi wana wajumbe wao. Kisha unakwenda kwa Afisa Elimu Kata, halafu halmashauri, katika idara ya elimu ya awali na msingi au ile ya sekondari, halafu kwa Afisa Elimu Mkoa, na mwisho TAMISEMI. Mkoa wa Dar es Salaam una halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Tangu mwaka 2021 iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, kwa hiyo mzazi wa Ukonga au Kariakoo anamwandikia Mkurugenzi wa Jiji, na wa Mbezi kwa Yusufu anamwandikia Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo.

Uhamisho ni mfano mzuri wa namna ngazi hizi zinavyofanya kazi. Mzazi anaomba kwa maandishi shuleni kwa mwanawe, mkuu wa shule hiyo anaridhia, mkuu wa shule anakokwenda anathibitisha kwamba nafasi ipo, na ofisi ya elimu ya halmashauri inaidhinisha. Mtoto akihama kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, halmashauri zote mbili zinahusika, na akitoka nje ya mkoa, ofisi ya elimu ya mkoa inaingia pia. Usisahau namba ya PReM, ile namba ya utambulisho anayopewa kila mwanafunzi katika mfumo wa Baraza la Mitihani. Mtoto aliyehama kwa mguu bila kuhamishwa katika mfumo huo anaweza kukaa darasani mwaka mzima, na ikifika wakati wa kusajili watahiniwa akakutwa jina lake liko shule aliyotoka.

Kuhusu michango, serikali hupeleka fedha za uendeshaji moja kwa moja shuleni, kwa kiwango kilichowekwa cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na shilingi 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Mapato na matumizi ya fedha hizo yanapaswa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule, na mzazi ana haki ya kuyasoma na kuyaulizia kwenye mkutano. Wazazi wanaweza kukubaliana kuchangia chakula au mlinzi, na mimi binafsi naona uji wa saa nne unamsaidia mtoto kuliko hotuba nyingi. Lakini mchango huo ni wa hiari, na mwanafunzi harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi wake hajautoa. Akirudishwa, mwone Afisa Elimu Kata siku hiyohiyo badala ya kusubiri Jumatatu.

Adhabu ya viboko inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa ndiyo inayowaliza wazazi wengi na wengi hawajui sheria inasema nini. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kosa na adhabu viandikwe katika kitabu, na mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike pale anapokuwapo. Mzazi ambaye mtoto wake amerudi na alama mwilini aanze na usalama wa mtoto: aende kituo cha polisi kuchukua fomu ya PF3, ampeleke hospitali, na aombe kuonana na dawati la jinsia na watoto. Baada ya hapo ndipo aende shuleni kuomba kuonyeshwa kitabu cha adhabu. Nidhamu ya mwalimu wa serikali kwa upande wa utumishi hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na yenye ofisi katika wilaya, kwa hiyo malalamiko yako yapelekwe huko pia. Kumgombeza mwalimu getini mbele ya wanafunzi hakusaidii kitu, na kunaweza kukugeuza wewe mlalamikiwa.

Jicho la Wizara lililo karibu nawe

Wazazi wengi hawajui kwamba Wizara ina watumishi wake hapahapa wilayani. Hao ni wathibiti ubora wa shule, ambao zamani tuliwaita wakaguzi. Wana ofisi katika kanda na katika wilaya, na hawawajibiki kwa mkurugenzi wa halmashauri, jambo linalowapa uhuru wa kuisema shule ya halmashauri pale inapostahili kusemwa. Hukagua ufundishaji, maandalio ya masomo, mazingira, chakula na mabweni, katika shule za serikali na za binafsi vilevile. Kama shida yako ni ubora, kwa mfano shule inafundisha masomo yasiyo kwenye mtaala, au darasa la kwanza limejaa kupita kiasi, au walimu hawana sifa, ofisi ya uthibiti ubora ya wilaya ndiyo ya kuandikia.

Kwa shule binafsi ofisi hiyo ni muhimu zaidi, kwa kuwa hakuna halmashauri inayoimiliki shule hiyo. Mwenye kutaka kuanzisha shule hupitia hatua kadhaa: kibali cha kujenga, kuthibitishwa yeye kuwa mmiliki na meneja wa shule kuwa meneja, kisha usajili wenyewe, ambao hutolewa na Kamishna wa Elimu. Shule iliyosajiliwa huwa na namba. Ya msingi huanza na herufi EM na ya sekondari huanza na S. Namba hii isichanganywe na namba ya kituo cha mtihani, ambayo hutolewa na Baraza la Mitihani. Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, omba kuonyeshwa cheti cha usajili, na ukikiona ukisome chote.

Nasema ukisome chote kwa sababu ya jambo lililotukuta. Mwaka 2023 dada yangu aliniomba nimsindikize kwenye shule moja binafsi nje kidogo ya mji, alikotaka kumpeleka mwanawe wa darasa la tatu akae bweni. Cheti kilikuwa ukutani nyuma ya meza ya mhasibu, ndani ya fremu, kioo kimeshika vumbi. Namba ilikuwapo, muhuri ulikuwapo, na jina la shule lilikuwa sahihi. Lakini nilipoinama na kusoma mstari wa chini, niliona neno "kutwa". Nilipandisha macho dirishani, nikaona vitanda vya chuma vya ghorofa katika jengo la pili, na nguo ndogo zimeanikwa kwenye kamba. Nilipouliza, mhasibu alijibu kwamba maombi ya bweni "yako njiani". Tayari dada alikuwa ametoa kishika nafasi, na hadi leo hajarudishiwa. Zaidi ya hapo, tangu tarehe 1 Machi 2023 Wizara ilikwisha kuzuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu, kwa hoja kwamba watoto wa umri huo wanahitaji malezi ya wazazi wao. Tulimwandikia Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule wa wilaya hiyo, tukaeleza tulichokiona bila kuongeza chumvi, na wathibiti wakaenda. Vitanda vile viliondolewa. Nilifurahi kwa ajili ya watoto wale kuliko nilivyosikitikia fedha ya dada.

Mtaala na mitihani

Mitaala na vitabu vya kiada ni kazi ya Taasisi ya Elimu Tanzania, iliyo hapa Dar es Salaam. Mzazi anayechanganyikiwa na mabadiliko ya sasa afahamu kwamba Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka kumi, na elimu ya msingi kuwa miaka sita badala ya saba. Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, darasa la tatu, na kidato cha kwanza kwa mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi. Kwa hiyo watoto walioingia darasa la tatu mwaka huo wanatarajiwa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao darasa la saba la mwisho nalo litamaliza. Familia yenye watoto wawili katika madarasa hayo ianze mapema kujiandaa kuwanunulia sare za sekondari kwa pamoja.

Mitihani ya taifa iko chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Makosa mengi yanayowapeleka watu pale huzaliwa shuleni, siku ya kusajili watahiniwa. Mtoto anaitwa Mwanahamisi katika cheti cha kuzaliwa, anaandikwa Mwanahamis shuleni, na kwenye kitambulisho cha mpiga kura cha baba jina la ukoo lina herufi nyingine kabisa. Miaka saba hakuna anayejali. Siku anapoomba mkopo wa chuo ndipo mifumo inapokataa kumtambua. Fanya hivi: mtoto akiwa darasa la sita au kidato cha tatu, nenda shuleni na cheti chake cha kuzaliwa, omba kuona jina lilivyoandikwa katika mfumo, linganisha herufi kwa herufi, na uombe lirekebishwe kabla usajili haujafungwa. Matokeo yakishatoka, kazi hiyo inakuwa ngumu mno. Baraza hilo ndilo pia linalotoa ulinganifu wa vyeti vya sekondari vilivyopatikana nje ya nchi, kwa hiyo mtoto aliyesoma Kampala au Nairobi aanzie pale kabla ya kuomba nafasi yoyote huku.

Kwa aliyekosa sekondari katika mfumo wa kawaida, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo barabara ya Bibi Titi Mohamed na inaendesha masomo ya sekondari kwa njia mbadala. Kwa ufundi stadi, VETA ina chuo Chang'ombe.

Baada ya kidato cha sita

Katika elimu ya juu Wizara haifanyi kazi moja kwa moja na mwanafunzi, ila kupitia vyombo vyake. Vyuo vikuu husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza Julai 2005. Vyuo vya kati na vya ufundi husimamiwa na NACTVET, ambayo wengi bado wanaiita kwa jina lake la zamani la NACTE. Mikopo hutolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba chuo kilichopo mjini na chenye bango kubwa kina idhini kwa kila kozi inayotangazwa. Ithibati hutolewa kwa chuo na pia kwa programu moja moja, na mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya katika programu mbalimbali. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili, kimoja kwa waliomaliza kidato cha sita na kingine kwa wenye stashahada. Tafuta programu yako humo. Isipokuwamo, usilipe. Tangu mwaka huohuo wa 2017 maombi hutumwa moja kwa moja chuoni wala si kupitia TCU, na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja anatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba ya siri anayotumiwa kwenye simu, ndani ya muda uliotangazwa. Tumia namba yako mwenyewe ya simu, si ya kaka wa stesheneri anayekujazia fomu.

Tena, si kila chuo cha umma ni cha Wizara ya Elimu. Chuo cha Usimamizi wa Fedha kiko chini ya Wizara ya Fedha, Chuo cha Elimu ya Biashara kiko chini ya wizara ya biashara, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko chini ya wizara ya uchukuzi. Lalamiko la uendeshaji wa chuo cha namna hiyo huenda kwa wizara mama, ilhali lile la ubora wa masomo hubaki kwa chombo cha ithibati. Alama za mtihani za mwanafunzi mmoja haziendi kwa yeyote kati yao kwanza. Zina utaratibu wake wa rufaa ndani ya chuo, na kwa chuo kikuu hufika hadi kwenye Seneti, chombo chake cha juu cha taaluma.

Mkopo unahitaji cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na uhakiki huo ufanywe wiki nyingi kabla dirisha la maombi halijafungwa. Ukikosa mkopo au ukipata pungufu, kuna dirisha la rufaa. Ada hulipwa chuoni moja kwa moja, na fedha ya kujikimu, lile bumu linalosubiriwa Mlimani na Muhimbili, hutoka baada ya mwanafunzi kusaini. Likichelewa, anza na afisa mikopo wa chuo chako, kwa sababu mara nyingi shida ni matokeo ambayo hayajatumwa au saini iliyokosekana.

Familia iliyohamia kutoka Unguja au Pemba ikumbuke kwamba elimu ya awali hadi sekondari ya Zanzibar ina wizara yake, ila elimu ya juu na Baraza la Mitihani ni mambo ya Muungano.

Ukilazimika kuiandikia Wizara

Yapo mambo yanayostahili kufika Mtumba: shule isiyosajiliwa, waraka unaopuuzwa licha ya ngazi zote kujulishwa, chombo cha Wizara kisichojibu. Yahusuyo shule mwandikie Kamishna wa Elimu, na mengine Katibu Mkuu, ambaye ndiye mtendaji mkuu. Si lazima kusafiri, maana mfumo wa serikali wa e-Mrejesho unapokea malalamiko kwa njia ya mtandao na kukupa namba ya kufuatilia.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Kichwa kitaje jambo lenyewe na jina la shule. Aya ya kwanza iseme wewe ni nani kwa mtoto. Aya ya pili ieleze kilichotokea kwa tarehe, bila matusi na bila kumhukumu mtu. Ya tatu itaje ulikokwisha kwenda na majibu uliyopewa, na ya mwisho iseme unaomba nini hasa. Mwisho wa barua andika "Nakala" na utaje ofisi ulizozipitia, maana ofisa akiona mwenzake anayo nakala huishughulikia kwa makini zaidi.

Toa nakala mbili. Moja iache masjala, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Wiki tatu zikipita kimya, usianze kumtafuta mkubwa. Rudi masjala na nakala yako, muulize mtunza kumbukumbu barua iliingizwa jalada gani na jalada liko kwa ofisa yupi kwa sasa, andika namba na jina la cheo hicho nyuma ya nakala, ndipo ubishe mlango huo.